Msimfungulie Mlango

Jericho, Nairobi
6 Machi 1984

Kaka Thuo,

Sisi tu wazima, na kuku wa Mama ameangua vifaranga tisa.

Jana Bi Sirad wa ofisi ya wakili wako alikuja kupanga habari za kutoka kwako gerezani Ijumaa. Amekutafutia kazi ya useremala Industrial Area, ajabu! Kisha akatuonya: "Akifika, msimfungulie mlango. Aliyekaa jela huzoea kusimama akingoja askari afungue. Mwacheni aufungue mwenyewe."

Mtu huyu amejuaje hata mazoea ya mikono yako?

Mama, ambaye hajataja jina lako tangu ufungwe, alichukua bisibisi akang'oa komeo la mlango.

Ijumaa tutakuwa ndani, kaka. Sukuma tu.

Dadako,
Wakiuru