Kizimba cha Mama Tumaini

Mpendwa mama mdogo,

Nakusihi, barua hii isome peke yako, kisha ikunje uiweke ndani ya Biblia yako. Usimwonyeshe jirani, wala dereva wa lori la mchele aliyekuletea. Simu yako haipatikani wiki nzima, na haya ninayokuandikia sisi makarani wa halmashauri tumekatazwa kuyasema nje ya ofisi kabla tangazo halijabandikwa.

Orodha ya watakaorudishiwa vizimba sokoni imeletwa mezani kwangu niichape. Ndiyo, mama, soko letu linakaribia kufunguliwa. Najua utacheka. Walipotuhamisha ili wajenge upya walisema miezi sita tu, na tangu hapo uzio wa mabati umeota kutu, mahindi yakajiotea ndani na kuvunwa na wasiojulikana. Unaukumbuka ule mchoro waliousimamisha getini, ghorofa lenye minazi mbele? Uliutazama, khanga imekufunika hadi masikioni, ukasema, "Minazi! Kwa baridi hii ya Mbeya? Aliyechora hajawahi hata kupita hapa." Lakini mgeni mmoja alipodakia kulikejeli soko letu, ulimkatiza: "Hapa ndipo mji unapokula, baba. Sema taratibu."

Mimi nimekula hapo na nimesoma hapo. Mama alipofariki ulinichukua, ukaniketisha juu ya gunia la mchele wa Ubaruku, daftari mapajani. Kila ulipopima kopo la sado uliongeza konzi moja juu na kumwambia mteja, "Hii ya mtoto wako anayesoma." Wao walishukuru nyongeza. Mimi nilijua unaniombea. Asante, mama. Sijawahi kukuambia hivyo kwa maneno.

Mama Sekela wa maharage hakuacha kukuchokoza: "Wewe hujazaa, umeazima!"

Siku moja ukamjibu bila kuacha kupepeta, "Nimeazima, na sirudishi."

Tangu siku hiyo soko zima likakuita Mama Tumaini. Hata tulipoandikishwa kabla ya kuhama, ulipoulizwa jina ulitaja hilo, na hakuna aliyeshangaa, maana wenzako wengi walifanya vivyo hivyo. Uliliacha jina lako ukachukua langu. Sasa ndilo linalokuponza. Uhakiki unataka jina la kwenye kitambulisho. Walioko mjini walishaitwa ofisini wakasahihisha, lakini wewe ulikuwa umerudi Ubaruku kulima mpunga huku ukingoja. Juzi nilifika kwenye mstari wako: "Mama Tumaini, mchele, kizimba cha mlangoni." Pembeni kumeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Hajulikani. Apewe mwingine."

Nikaacha kuchapa. Mkuu wangu akauliza, "Vipi, kompyuta imeganda?"

Nikasema, "Hapana, bosi." Nikaendelea kuchapa.

Nisamehe. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na niliogopa kuambiwa napendelea ndugu. Wewe ulinitetea mbele ya soko zima. Mimi nilishindwa kusema neno moja mbele ya mtu mmoja.

Una hadi Ijumaa ya wiki ijayo kusahihisha jina. Baada ya hapo kizimba kinakwenda kwa mtu mwingine, na mimi ndiye nitakayechapa jina lake. Panda basi la asubuhi. Chukua kitambulisho, umpitie na Mama Sekela aje athibitishe kwamba mlikaa jirani. Mimi usinitafute nyumbani wala nyuma ya ofisi. Ingia mlango wa mbele, panga foleni kama wengine, dirisha la tatu. Ukiulizwa jina, taja la kitambulisho, halafu taja na lile la sokoni, kwa sauti ile uliyokuwa ukiitia wateja.

Watauliza, "Tumaini ndiye nani?"

Hapo usijibu kitu. Meza yangu iko nyuma, karibu na kabati la mafaili. Nitasimama mwenyewe.

Ni mimi,
mwanao ambaye hukumrudisha