Mbaazi za Shamba la Kuazima

Jumamosi, 9 Machi
Nimemaliza kupanda. Mgongo haunyooki. Mahindi, kunde katikati yake, mbaazi kila baada ya mistari miwili, maboga pembeni. Kwenye kichuguu nimechomeka muhogo. Mama alipanda hivihivi kwenye kambi ya vibarua wa mkonge, na hatukulala njaa. Shamba ni la Mzee Mhina. Kaniazima tangu mwaka jana, nilipohamia Kabuku na wanangu wawili, bila mume. Mwaka jana nilipanda mahindi matupu, nikavuna aibu.

Jumatano, 3 Aprili
Palizi. Kunde zimefunika ardhi, magugu hayana pa kutokea. Nilikuwa na furaha mpaka alipopita Rajabu, mtoto wa Mzee. Kasimama mpakani, kaangalia muhogo, kaangalia mbaazi. Kaniambia nataka kuwanyang'anya shamba.
Mimi. Nisiye na hata jembe la pili.
Kumbe hapa aliyeazimwa hupanda kinachoondoka na msimu. Muhogo unakaa mwaka na zaidi, mbaazi zinabaki mahindi yakishavunwa. Ukipanda vya kukaa, unasema shamba ni lako. Kambini ardhi ilikuwa ya kampuni, nani angetufundisha hayo? Nina hasira na aibu kwa pamoja.

Ijumaa, 5 Aprili
Nimengoja kwa Mzee wafuturu ndipo nikaenda. Shikamoo yangu Mzee kaitikia vizuri. Nikajieleza. Kasikiliza mpaka mwisho, kasema ng'oa. Hakukasirika, ndiyo maana imeniuma zaidi.

Jumapili, 7 Aprili
Muhogo nimeng'oa wote. Mbaazi, nimeshika mche wa kwanza, nikauacha. Najua nimekaidi. Akinifukuza sina pengine pa kulima, na watoto sijui watakula nini. Bado sikung'oa. Kichwa kigumu, mama alisema siku zote.

Alhamisi, 23 Mei
Mvua imekatika wakati mahindi yanatoa mbelewele. Yangu yamekauka. Ya Rajabu hapo jirani, mahindi matupu ya mbegu ya dukani, yamekauka vilevile. Sikucheka. Kidogo tu, moyoni. Kunde zangu zinazaa. Nimepeleka kapu zima kwa Mzee. Sikuingia ndani, nimemkabidhi mkewe, Bi Zaina, mlangoni.

Jumatatu, 27 Mei
Rajabu kagundua mbaazi bado zipo. Kapeleka maneno. Mzee kaagiza nizivune zikikomaa, kisha nitafute pa kwenda.
Nimelia. Nimepika. Tumekula kunde.

Jumanne, 16 Julai
Nimeuliza shamba kwa watu wengi. Hakuna. Kunde naendelea kupeleka kwa Bi Zaina, mbichi zimekwisha, sasa kavu. Jirani ananiambia najipendekeza. Labda. Lakini ardhi ni yao, na wao pia wana njaa.

Jumamosi, 10 Agosti
Mbaazi zimejaa, wakati kijiji kizima kinanunua unga. Nimevuna, nusu nikaipeleka kwa Mzee. Nikamwambia nimemaliza, shamba lake hilo, ahsante. Kasema subiri kwanza. Bi Zaina, bila kumtazama mumewe, kasema tangu Mei nyumba hii inakula kutoka kwangu. Rajabu alikuwapo. Alikuwa anakula.
Sijui nasubiri nini.

Jumamosi, 19 Oktoba
Vuli imeanza, manyunyu tu. Mzee Mhina kaja shambani, Rajabu nyuma yake na mche wa mchungwa kwenye kifuko cheusi. Mzee kaniuliza mche ukae wapi. Nikaonyesha kwa kidole, upande wa juu. Rajabu kachimba shimo. Kanuna, ila kalichimba vizuri, refu. Nikauliza utazaa lini. Mzee kasema miaka mitatu, minne hivi. Kisha kanipa mche niupande kwa mkono wangu.
Jioni nimerudi kuumwagilia. Mvua ilikuwa imeshanyesha. Nimeumwagilia hivyo hivyo.