Mgeni Aliyepewa Jembe

Shangazi, shikamoo. Natumai Pangani hamjambo na mvua imewafikia.

Hapa Bagamoyo mjomba wangu alimkaribisha Mjerumani mmoja kwa kahawa na mkate wa kumimina, akamwambia kwa adabu, "Hapa ni kwenu." Siku ya tatu akampa jembe, kama ilivyo desturi kwa mgeni. Mjerumani akachimba shimo katikati ya ua wetu, akasimika bendera. Anasema ni kwa sababu anaipenda mno nchi yake.

Mjomba akamuuliza, "Nami naipenda Bagamoyo tangu kuzaliwa, mbona sijachimba ua wa mtu?"

Akajibiwa kwamba basi haipendi vya kutosha.

Nakubusu mikono, shangazi. Akifika huko mpe kahawa, mpe na mkate, lakini "hapa ni kwenu" imeze na mate.