Kigae cha Kikapu Namba 214

Ain Lozeh,
Jumatano, 9 Septemba 1964

Kwako dada yangu mpendwa Afife,

Nakusalimu kutoka nyumbani, na kabla ya yote nakuuliza kifua chako. Katika barua yako ya Julai ulisema vumbi la huko Kuwait linakukohoza hadi wanafunzi wako wanakuletea maji darasani. Je, umepata nafuu? Unakula? Au bado unaishi kwa chai na mkate mkavu kama ulivyokuwa chuoni?

Sisi huku ni wazima kwa kiasi cha watu wenye watoto watatu, yaani bado tunasimama. Marta ameingia darasa la tatu na anasoma kila kilichoandikwa, hata maneno kwenye magunia ya unga. Iliasi amekuwa mtundu, anapanda juu ya tangi la maji. Salma ana miezi minne na hapa ninapoandika ananyonya, kwa hiyo ukiona mstari umepanda mlima usidhani nimelewa. Saliba anakusalimu. Zeituni mwaka huu ni chache ila mizabibu imezaa vizuri.

Baba hajambo. Barua zako anazisoma mara tatu. Mara ya kwanza peke yake, mara ya pili kwa Padri Mikhail, mara ya tatu kwangu, huku nikikanda unga, na akifika pale unaposema umepandishwa kuwa mwalimu mkuu msaidizi, ananyamaza ili nami niseme kitu. Nasema Mungu ambariki. Mimi ninayemfulia shati hajawahi kunisoma hata mara moja.

Unaona, nimeanza. Nilijiahidi kuandika barua isiyo na wivu nikashindwa hata ukurasa mmoja. Basi acha niandike nao, kwa sababu bila huo hutaelewa nitakachokuambia.

Wale Wamarekani wanaochimbua mambo ya kale wamerudi Kilimani kwa msimu wa tatu. Mudiri, mkuu wao, ni yuleyule, mrefu, na Kiarabu chake bado kinachechemea. Wamechimba hadi kwenye ule ukuta ulioungua ambao wewe ulisema ni wa siku za Nebukadreza. Mimi niko palepale kwenye makarai chini ya turubai, naosha vigae. Ila sasa ndiye mkubwa wa waoshaji. Nina wanawake sita chini yangu, na kila asubuhi nawaimbia ileile sheria: chovya, tazama, ndipo usugue. Kigae cha chungu ukikisugua kabla hujakitazama, na kumbe kina wino wa watu wa kale, umekiua. Wananicheka, wananiita Bibi Chovya.

Msimu ule wa mwaka wa sitini na mbili, wewe ulikuwa juu mezani na daftari ukiorodhesha vinavyochimbuliwa, mimi nilikuwa chini na karai. Hukuyaona mambo kwa macho yangu, basi nikusimulie upande wa karai.

Kila alasiri Baba alipanda Kilimani na sahani ya tini iliyofunikwa majani. Mimi nilikuwa njiani, lazima anipite. Alisema, "Mungu akutie nguvu, binti," akapita. Tini zilikwenda kwako. Sikumbuki hata siku moja aliyofunua jani akaniambia chukua moja. Nyumbani Saliba naye, mume wangu mwenyewe, alikaa mbele ya sinia ya chakula akaanza: Afife kasema tabaka hili ni la wafalme, Afife kasema mpini huu una muhuri. Siku moja nikamwambia, "Basi nenda ukale kwa Afife." Akacheka, akadhani natania. Marta alikuwa na miaka sita, akajichorea wino vidoleni ili afanane na mama yake mkubwa. Hata jina la Baba mtaani ni Baba Afife. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na ni mimi niliyetolewa shule nipike, wewe ukabaki na vitabu kwa sababu ulikuwa umebakiza kidogo tu kumaliza. Sikulia wakati ule. Nafikiri nilikuja kulia baadaye, mbele ya karai.

Na wewe ulijua Baba anatafuta nini pale Kilimani. Kila jioni mkahawani Mwalimu Fuad alimchokoza kwamba Biblia yake ni hadithi za wachungaji wa mbuzi, ati hakuna hata jiwe moja linalomjua Yeremia. Baba alimjibu vilevile kila mara. Alisema wafalme huandikwa na kila mtu, hao hawamhangaishi. Yeye anawatafuta wale wadogo ambao mtunga hadithi hana sababu ya kuwatunga, kama Maaseya mwana wa Shalumu, mlinda mlango wa Hekalu, ambaye Yeremia anamtaja mara moja tu, kwa sababu chumba chake kilikuwa chini ya chumba kingine. Nani angekaa chini atunge mlinda mlango na chumba chake? Mwalimu Fuad akamwambia, "Haya Baba Afife, huyo bawabu akikufungulia, niite na mimi."

Ikaja ile Alhamisi. Iliasi alikuwa anaota meno, hakuwa amelala wala mimi sikuwa nimelala. Nilimlaza ndani ya kreti tupu la vigae kando yangu. Ukashuka mbio kutoka kule juu kwenye mashimo, shela imeanguka mabegani, umeshika kigae kimoja kwa ncha za vidole kama yai. Ulisema jua limekipiga kwa upande ukaona wino, mstari mzima, na umeshaunakili daftarini. Mpiga picha alikuwa Yerusalemu hadi kesho yake. Ukakiweka kivulini na kikaratasi chake, kikapu namba 214, ukaniambia, "Warde, hiki usikiguse. Wewe huwezi kujua ni nini."

Kisha ukafanya kosa ambalo msichana yeyote wa kijiji chetu angelifanya, na hakuna Mmarekani ambaye angelifanya. Hukwenda kwa mudiri. Ulikimbia hadi kijijini kumwita Baba, ili awe wa kwanza kusikia kwamba umemwona mlinda mlango wake.

Mliporudi naye, na mudiri akaja, na watu wakajaa chini ya turubai, kigae kilikuwa cheupe. Udongo mtupu. Mudiri akauliza nani amekigusa. Mimi nikasema sikukigusa. Akauliza tena, nikaapa kwa kichwa cha Iliasi. Alichukua daftari lako palepale, hata Baba hakupata kuliona, akalifungia kwenye sanduku lake la bati. Hakukuita mwongo. Alisema kwa upole kwamba moshi wa jiko la kale huchora mengi, na mtu anayetamani sana kuona ataona. Ule upole wake ulikuwa mbaya kuliko tusi.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako, ile nafasi ya kufundisha chuoni iliyogeuka hewa, halafu Kuwait. Ambayo hatukukuandikia ni ya Baba. Alipoingia tu mkahawani Mwalimu Fuad alimwuliza, "Baba Afife, bawabu wako yuko wapi? Kaoga akayeyuka?" Watu wakacheka hadi wakamwaga kahawa. Hajakanyaga pale tangu siku hiyo, mwaka wa pili huu. Kanisani bado anasoma, lakini zamu ya Yeremia ikifika humpa kitabu Padri Mikhail na kusema macho yamechoka. Macho yake hayana shida. Anatunga uzi kwenye sindano yangu bila miwani.

Sasa sikiliza ya wiki iliyopita. Mudiri alileta wageni kutazama kazi. Akasimama nyuma yangu akawaambia kwamba jicho la Mama Iliasi, yaani mimi, halipitwi na wino, na lau kile kigae cha kikapu 214 kingepita mikononi mwangu tangu mwanzo, kusingekuwa na shaka yoyote. Baba alikuwapo. Kesho yake alasiri akapanda na sahani ya tini. Nikamwona anakuja, nikainamisha kichwa ili apite. Hakupita. Akaiweka pembeni ya karai langu, akafunua majani mwenyewe, akasema, "Kula, binti. Wewe angalau hujawahi kuniambia uongo."

Afife, zilikuwa zile nyeusi za mtini wa Mama. Nimezitamani maisha yangu yote. Nilichukua moja, nikairudisha kwenye sahani.

Ni mimi. Nilikisugua mimi.

Ungetaka kusikia kwamba ni uchovu, kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Saliba alinishauri niandike hivyo. Siandiki. Ulipoondoka tu nilikichukua, nikakichovya, nikakitazama kama sheria inavyosema, na wino ukatokea mweusi kabisa kwa sababu kigae kilikuwa kimelowa. Nilijua. Sijui kusoma yale maandishi, lakini nilijua kwamba Baba yuko njiani, na kwamba akifika hapa atalia kwa furaha mbele ya watu wote, na kwamba furaha hiyo itakuwa na jina lako. Nikashika brashi. Nikaanza upande wa kulia. Zilipobaki herufi tatu nikasimama nikazitazama vizuri, moja moja. Iliasi akalia ndani ya kreti. Nikamaliza na hizo tatu, nikakirudisha kivulini na kikaratasi chake, ndipo nikamnyonyesha mtoto.

Jumapili baada ya misa nilimwambia Baba. Hakupiga kelele. Alivaa kilemba chake, akatoka, akatangulia mbele yangu kupanda Kilima, na mimi nyuma na Salma mgongoni.

Mudiri alinisikiliza hadi mwisho, halafu akakataa kuniamini. Alisema ni jambo la kawaida ndugu kutaka kumsafisha ndugu yake, na kwamba hadithi yangu imekuja kwa kuchelewa sana. Nikamwambia, "Nipe karatasi." Akamwomba Baba asubiri nje. Nikachora kwa makaa zile tatu za mwisho, kwa maana mkono wangu haujazisahau hata siku moja. Ya kwanza kama meno mawili ya msumeno. Ya pili ndoano. Ya tatu kama wimbi lililovunjika, na mkia mrefu unaoshuka. Akafungua sanduku la bati, akatoa daftari lako, akaliweka kando ya karatasi yangu. Alihamisha macho kutoka karatasi hadi daftari na kurudi, hata Salma akaanza kunung'unika. Kisha akaweka kidole kwenye alama zangu, kulia kwenda kushoto, akasoma, "Shalumu," sawasawa na mwisho wa mstari ulionakili wewe.

Alivua kofia. Akaniambia, "Kitu hiki kilingoja miaka elfu mbili na mia tano, na wewe hukuweza kungoja saa moja." Alinikataza kurudi kwenye makarai, na hilo ni haki yake. Nimewaacha wale sita na sheria yao.

Amesema atakuandikia wewe mwenyewe kukuomba radhi, na atamwandikia mkuu wa chuo. Kigae hawezi kukichapisha kama maandishi, kwa kuwa hakina maandishi. Lakini kwenye kitabu cha msimu, mahali palipoandikwa "alama za shaka", amekata mstari akaandika: Kimeonwa na watu wawili, Afife na Warde, binti za Khalil. Kimefutwa na Warde. Akanitaka nitie sahihi. Nimetia. Nilijiuliza njia nzima ya kurudi kama hata hapo sikuona raha kidogo, kuona jina langu limekaa kando ya lako. Niliona. Nakuambia ili ujue unashughulika na nani.

Mudiri alitoka nje kumweleza Baba. Baba akauliza tu, "Kwa hiyo Afife aliona?" Akajibiwa, aliona. Mudiri, kwa kuwa ni mtu makini, akaongeza kwamba hata hivyo jina si mtu, akina Maaseya na akina Shalumu walikuwa wengi kama akina Jiryis wa kijijini kwetu, na hakuna awezaye kusema kwamba huyo ndiye mlinda mlango wa Yeremia. Baba akamkatiza. Alisema, "Sijamuulizia mlinda mlango. Nimemuulizia binti yangu."

Binti yangu. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, hatua mbili, na mjukuu wake mgongoni. Nikisema halikuniuma nitakuwa nimerudi kwenye uongo. Lakini tuliposhuka alinipokea Salma akambeba mwenyewe hadi mlangoni, na leo asubuhi amekuja kuchukua shati lake kama kawaida. Hajaniambia amenisamehe. Sijamwuliza. Mkahawani alikwenda jana, nasikia aliagiza kahawa akainywa yote.

Wewe pia sikuombi unisamehe kwa haraka. Miaka miwili umekula mkate wa ugenini kwa ajili ya brashi yangu. Njoo Krismasi ukiweza, kitanda chako kipo, Marta amekitandika. Na ukija, usinipite njiani.

Ninaomba moja tu, na hili naliomba kwa kukaza. Utakapojibu, usimwandikie Baba useme "mpe Warde salamu". Niandikie mimi, jina langu juu ya bahasha, hata kama ndani ni matusi matupu. Nitayasoma mara tatu.

Saliba, Marta, Iliasi na Salma wanakubusu. Padri Mikhail anakuombea. Jitunze kifua.

Ni mimi mdogo wako,
Warde