Uwanja Si Zizi

Jumamosi, usiku

...na bado shemeji Mutwiri ananichekea kwenye simu. Yuko huko Meru, hata salamu hakumaliza: "Timu yenu ya chuo imefungiwa misimu miwili. Sasa si mfungie ng'ombe huko uwanjani?" Nilikata simu.

Adhabu yenyewe siipingi. Kocha alichezesha watu wazima wenye vitambulisho bandia vya wanafunzi, nasi mashabiki tukawaimbia. Inaniuma, kusema kweli.

Kila Jumamosi ya mechi sisi mashabiki ndio hufyeka uwanja wa chuo. Leo hakukuwa na mechi. Nilienda na fyekeo langu nikijua nitakuwa peke yangu, halafu nirudi nyumbani Kianjokoma na aibu zangu.

Nikakuta watu wamejaa. Mama Wanja, anayetuongozea nyimbo, alikuwa ameshafika nusu ya uwanja, leso kiunoni. Nikamuuliza tunamfyekea nani.

"Wale vijana wanaosoma kweli watafanyia mazoezi wapi?" akanijibu bila kuinua kichwa. "Aliyedanganya ni kocha. Uwanja umefanya nini?"

Nikainama nikafyeka. Sijui kama tutakuwa wengi hivi mwezi ujao. Misimu miwili ni mirefu, na watu wakichoka... Lakini leo nimejivunia hawa watu kuliko siku ile tuliyobeba kombe.

Nyasi tuligawana. Zangu nilimletea ng'ombe wangu, kisha nikampigia shemeji.

"Ng'ombe anakula hapa nyumbani," nikamwambia. "Uwanja ni wa mpira."