Rimu Yenye Pembe

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ulitufundisha kwamba mtu haanzi maneno na mzazi kabla ya kumwamkia, na sioni kama kufa kwako kumeibadilisha desturi hiyo. Mimi ni mzima. Mama ni mzima. Mvua bado. Baiskeli yako imeegemea ghala, sasa ina magurudumu mawili, na kesho alfajiri Baba Mdogo atanipakia kunipeleka Ushirombo, shule ya Masista. Nitakueleza ilivyokuwa, kwa maana uliiacha haijakwisha.

Naanza na ua wa minyaa wa zizi letu, kwa sababu ndipo ulipoipata. Mtu aliyekuwa na zizi lile kabla yetu alikuwa ameziba pengo kwa fremu ya baiskeli iliyoachwa na Mjerumani wakati wa vita, na minyaa ikaota ikapita katikati yake. Watu wote wa Samuye waliiona. Ng'ombe walijikunia shingo pale. Ni wewe tu uliyesimama siku moja ukasema, "Hivi na hii nayo ni ua?" Ukachukua panga. Utomvu wa minyaa ulikurukia, ukashinda na jicho moja limefumba, lakini jioni fremu ilikuwa nje ya mlango wetu, nami naisugua kutu kwa mchanga na majani ya msasa.

Baada ya hapo ulikuwa mtu wa kuokota. Gurudumu la nyuma alikupa katekista, ambaye baiskeli yake ilivunjika shingo mtoni. Pedali moja ilikuwa ya chuma, nyingine uliichonga kwa mninga. Usukani ulikuwa wa baiskeli ndogo, kwa hiyo ulipoketi kuijaribu magoti yako yaliugusa. Kiti ulikitengeneza kwa ngozi ya ng'ombe wetu wa madoa, ukaiacha na manyoya yake, na kila ulipoibeba njiani mbwa walifuata nyuma wakinusa. Mama mkubwa wa jirani aliuliza, "Hii ni ya kupanda au ni ya kuchinja?" Ukamjibu, "Ngoja imalize kunona."

Mnyororo ulikuwa wa vipande viwili visivyofanana. Mafuta ya mashine hatukuwa nayo, ukaupaka samli. Mama alikuangalia, akasema, "Watoto wangu wanakula mboga kavu, chuma kinakula samli." Siku hiyo uliondoka na kwenda kukagua ng'ombe ambao walikuwa wamekwisha kaguliwa.

Kilichokosekana ni rimu ya mbele. Spoki ulikuwa nazo, na kikombe cha katikati pia, lakini duara lenyewe hapana. Masanja wa hapa Samuye alikuwa anapeleka ng'ombe Shinyanga mnadani, ukampa kibuyu cha samli ampelekee Mzee Saidi mwenye duka, na ujumbe mmoja: uletewe limu. Hivyo ndivyo ulivyolitamka. Nyumbani tunasema Kisukuma, na katika Kiswahili chako herufi ile ya r haikupata pa kukaa. Masanja naye alikuwa vilevile, akalibeba neno kama alivyopewa.

Aliporudi alikuwa na furushi kwapani. "Mzee Saidi anakusalimu sana," alisema. "Kasema hii ni nzuri, imetoka Ulaya, usiilowanishe."

Uliipokea kwa mikono miwili. Uliipapasa upande mmoja, ukaipapasa upande wa pili. Sijasahau uso wako.

"Masanja," ulisema, "mbona limu ina pembe?"

Ilikuwa rimu ya karatasi. Mzee Saidi alijua una binti anayesoma kwa katekista, na alipoletewa neno lile akaona jambo liko wazi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Masanja alianza kuapa kwamba yeye alisema limu, limu kabisa, wala hakuongeza kitu. Wewe uliifungua, ukatoa karatasi moja, ukaitazama kwenye mwanga, ukasema, "Basi. Nimeomba limu, nimeletewa elimu." Ukanikabidhi furushi lote. Nilikuuliza kama hatutairudisha ukapate ya baiskeli. Ulisema, "Ng'wanone, mwanangu, gurudumu linajua kusubiri. Wewe usisubiri."

Kabla ya hapo nilikuwa naandika kwa kidole kwenye mchanga, upepo unafuta. Kwenye karatasi zile niliandika sala, hesabu, majina ya ng'ombe wetu na maneno yote ya Kiswahili niliyoyasikia kwa wapita njia. Padri alipokuja ziara, katekista alimwonyesha. Ndiyo sababu Masista walituma neno kwamba nafasi yangu ipo, ila nifike kabla ya mvua, maana mito ikijaa hakuna mtu wa kupita.

Ukakubali siku ileile. Shida ilikuwa njia. Ulisema msitu wa huko si wa kutembea na mtoto wa kike mwenye sanduku kichwani, kwamba utanipeleka kwa baiskeli au hutanipeleka. Ndipo ulipoamua kwenda Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, ukafanye kazi msimu huu wa kiangazi upate rimu. Uliondoka kwa miguu pamoja na jirani yetu Baba Nkwimba. Ulipofika kwenye minyaa uligeuka ukaniambia, "Mnyororo usikauke." Niliitikia. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, na ni maneno ya kawaida sana.

Habari ya homa yako ilitufikia kwa mtu aliyekuwa akipita kwenda kwao. Alisema walikuzika vizuri. Tuliomboleza, tukanyoa, watu wakala wakaondoka.

Sitaki umfikirie vibaya Baba Mdogo kwa jambo linalofuata. Majembe yetu yalikuwa yamekwisha, yamebaki kama vijiko, naye sasa analisha nyumba mbili. Aliichukua fremu kwenda nayo kwa mfua chuma. Nilimfuata nyuma. Mfua chuma aliigonga kwa nyundo, akaweka sikio, akaigonga tena.

"Hii ni tupu ndani," alisema. "Ukitaka filimbi, njoo kesho. Jembe, hapana."

Baba Mdogo aliirudisha begani, akaiegemeza ghalani, akaniambia, "Baba yako alikuachia filimbi." Nikamwuliza kuhusu Ushirombo. Akasema, "Hakuna baiskeli, hakuna safari. Hilo alilisema yeye, si mimi." Ilikuwa kweli. Niliendelea kuupaka mnyororo samli kidogo kidogo. Mama aliona, na safari hii hakusema neno juu ya mboga.

Mwezi huu Baba Nkwimba amerudi. Alikuja kwanza kwetu kabla ya kwenda kwake. Alikuwa na blanketi lako, sufuria yako, na rimu mgongoni ameivaa kama upinde. Alisema uliinunua kabla hujaugua, ukawa unalala nayo pembeni.

Mama alitaka kujua ulivyoipata, kama hukuletewa karatasi nyingine. Baba Nkwimba alianza kucheka, akajizuia, kisha akashindwa. Alisema mlipofika dukani hukufungua mdomo kabisa. Ulinyoosha kidole ukachora duara hewani. Mwenye duka hakuelewa, ukachora tena, kubwa zaidi. Akauliza, "Huyu ni bubu?" Baba Nkwimba akataka kukusaidia, ukamkanyaga mguu. Ulichora mpaka ukaletewa.

Mama alifunika uso kwa kanga. Sikuweza kujua kama analia au anacheka.

Rimu hii, Baba, ina matundu mengi kuliko spoki tulizo nazo. Nadhani ilikuwa ya gurudumu la nyuma. Katekista alisema haifai. Baba Mdogo aliizungusha mikononi kwa muda mrefu. Unajua hakuna mtu hapa anayemshinda kufuma kitanda cha kamba. Akasema, "Kumbe ni kitanda tu, ila cha mviringo," akakaa chini. Alipitisha spoki, akavuta, akalegeza, akaniambia nishike hapa, niachie pale, akinigombeza kama mtu anayefurahi. Matundu mengine yamebaki wazi. Mpira wa ndani hatuna, kwa hiyo tairi tumeijaza majani makavu tukaishona kwa kamba ya katani.

Jana alijaribu kuipanda. Gurudumu la mbele linayumba kama mtu anayetoka kwenye pombe. Alikwenda mpaka kwa jirani, akaanguka, akaipanda tena akarudi. Mama mkubwa alipiga kelele kutoka shambani, "Imenona sasa?" Baba Mdogo akajibu, "Imenona! Kesho kutwa inakwenda Ushirombo!" Nikajua neno limetoka, na kwamba hatalirudisha mbele ya watu.

Sanduku langu limefungwa. Mama ameweka kibuyu cha samli, akasema ni cha mnyororo, tusikile njiani. Ninatumaini nitasoma vizuri. Ninatumaini kwamba siku moja nitafundisha watoto hapa hapa Samuye, na kwamba watakuwa na karatasi. Sijui kama yatatimia. Najua tu kwamba kesho tunaanza, na mawingu bado yako mbali.

Karatasi hii ni ya ile rimu yenye pembe. Zilizobaki nakwenda nazo. Hii moja nitaiacha chini ya ngozi ya kiti chako, mahali pa manyoya meusi, tuende nayo hadi huko.

Pumzika, Baba. Mnyororo haujakauka. Kuhusu ile ya duara, nakushukuru. Neno lenyewe sitaliandika tena, nisije nikaeleweka vingine. Nachora tu, kama ulivyochora wewe.

Mimi,
binti yako

O