Matanga ya Mtu Aliye Hai

Doornfontein, Johannesburg
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mpendwa mwanangu Placide,

Pokea salamu za upendo kutoka kwa shangazi yako. Hujambo huko Amerika? Ule mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umepoa? Sisi tu wazima. Bibi yako Orpha anatembea na fimbo na anagombana na kila mtu, kwa hiyo ujue ana nguvu. Saluni yangu iko palepale mjini.

Mwanangu, umeshinda! Barua ya wakili wako nimesomewa na binti yangu Murielle mara nne. Mahakama ya jimbo lenu imekataa kijana wa miaka kumi na tisa afungwe maisha bila hata nafasi ya kusikilizwa tena, na sasa bodi imekusikiliza na kusema utoke mwezi wa saba. “Eish, mama, huyu anatoka kweli,” Murielle aliniambia. Nikacheza mbele ya wateja. Mmoja alikuwa amesukwa nusu kichwa, akainuka tukacheza naye.

Najua yuko mama mwingine ambaye mwanawe harudi. Ulishika mlango wa duka wakati rafiki yako akipiga risasi, na nimefurahi kwamba mbele ya bodi ulilisema hilo bila kujitetea. Mama yule tunamwombea kila Jumapili.

Sasa nina jambo la kukiri. Miaka kumi na saba iliyopita, tulipoambiwa umefungwa maisha bila parole, yaani hutatoka hata ukizeeka, mimi ndiye niliyesema mtu wa namna hiyo ni marehemu. Nikanyoa nywele, nikatandika godoro chini, tukakaa matanga siku tatu mbele ya picha yako. Bibi alikataa. “Siwezi lilia mutu mwenye iko muzima,” akasema, akaenda jikoni kula ugali na mboga yake ya sombe. Tukamwona amechanganyikiwa. Yeye akaendelea kukutumia barua. Mimi sikukuandikia hata moja, maana nani humwandikia marehemu? Nilikosa vibaya, mwanangu. Nisamehe.

Bibi sasa anapita mlango kwa mlango katika jengo letu akiuliza ni nani aliyechanganyikiwa.

Mjomba Balthazar anakusalimu. Anataka kukushonea suti, kwa hiyo tuma vipimo, na usimdanganye kuhusu tumbo. Murielle naye anakusalimu sana.

Jumamosi tulivunja yale matanga, kanisani. Katika ukoo wetu, aliyeyaanzisha husimama akaita jina la marehemu mara tatu, watu wote kimya, kisha yamekwisha. Nikangoja saa yako ya kumpigia Bibi simu. Ulidhani mtandao ni mbovu, ndiyo maana shangazi anarudia “Placide” mara tatu. Kumbe simu ilikuwa juu ya meza, sauti imefunguliwa wote wasikie, na watu sitini wamenyamaza. Nimekaa matanga mengi maishani mwangu. Wewe ndiye wa kwanza kuitika.

Mungu akushike mkono mpaka nje ya lango.

Wako akupendaye, aliyechelewa kuandika,
Shangazi Célestine